Kasha la njumu halitaki ndimu na chumvi

Ukipita kwenye maduka ya Mji Mkongwe utakuta makasha ya zamani yamesuguliwa njumu (misumari na mabamba ya shaba ya manjano ya urembo) mpaka zinametameta, na muuzaji anaamini ameliongezea kasha thamani. Mimi naona ameipunguza. Ile rangi ya asali iliyokolea ndiyo umri wa kasha. Ukishaiondoa, itachukua miaka kurudi.

Mharibifu mkubwa ni ndimu na chumvi wanazosugulia. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Asidi ya ndimu huitoa zinki kwanza, ndiyo maana bamba hubaki na madoa ya waridi. Hapo kurudisha rangi ya awali ni vigumu. Chumvi nayo hujibanza chini ya vichwa vya misumari, na kwa unyevu wetu wa pwani haikawii kutoa unga wa kijani.

Kabla ya lolote, pitisha sumaku. Ikinasa, jua hicho ni chuma kilichopakwa shaba juu juu tu. Usikisugue kabisa: futa vumbi, paka nta, basi.

Shaba yenyewe ipigwe brashi laini, kisha ipanguswe kwa kitambaa cha pamba kilichochovywa katika lita moja ya maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Kikamue hasa, maana maji yakipenya huvimbisha ubao na kutia kutu misumari ya chuma. Kausha papo hapo. Weusi ukizidi, chukua unga laini wa kalisi kaboneti (yaani unga wa chaki, lakini si chaki ya ubaoni, ambayo mara nyingi ina punje zinazokwaruza) uukoroge na spiriti uwe uji mzito. Toboa karatasi ngumu tundu la kiasi cha kichwa cha njumu, uivishe, ndipo usugue. Bila hivyo unga mweupe utaganda kwenye nakshi, na kuutoa ni kazi. Ukiona rangi ya asali, simama.

Vanishi siipendi hata kidogo. Ikikwaruzika mahali padogo tu, hewa ya chumvi huingia chini yake na kutu hutambaa usikoweza kufika. Nta ni bora: gramu 20 za nta ya nyuki kwa gramu 60 za tapentaini, ziyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, jiko likiwa limezimwa, kwa sababu mvuke wa tapentaini hushika moto. Paka nyembamba, ngoja robo saa, ung'arishe kwa kitambaa kikavu. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Kasha lililo karibu na dirisha la baharini lipakwe tena kabla ya vuli.