Mchapakazi aliyetoka jeshini: kabla ya kumsifia, ulizia usingizi wake

Askari akirudi uraiani, akapata kazi na kulea familia yake, sifa atakayopewa kuliko zote ni uchapakazi. Anatoka kabla ya jua, anarudi usiku, na siku ya mapumziko yuko juu ya paa na nyundo. Watu humtolea mfano kwa vijana. Kwa maoni yangu sifa hiyo itolewe kwa tahadhari, kwa sababu kazi isiyo na mapumziko ni maficho mazuri mno: hakuna mke wala bosi atakayemshtaki mtu kwa kujituma.

Kukwepa ni moja ya makundi manne ya dalili za kiwewe cha vita. Mengine ni kumbukumbu zinazovamia bila hodi, fikra na hisia zilizogeuka nzito, na mwili kukaa chonjo muda wote. Wengi hudhani kukwepa ni kukataa filamu za vita au kukaa mbali na umati. Zamu mbili mfululizo zaweza kuwa kukwepa pia, ila huku kunalipwa mshahara. Dalili hujitokeza kazi inapokatika: likizo, ugonjwa, au kustaafu mara ya pili akiwa na miaka sitini na kitu. Familia inashangaa majinamizi yametoka wapi baada ya miaka thelathini ya utulivu. Yalikuwepo, yalikosa nafasi tu.

Ndiyo maana cha kwanza kuulizia ni usingizi. Aliyezoea lindo hushtuka kitasa kikiguswa, huzunguka nyumba kukagua milango, na usiku mzima hupata usingizi wa saa nne. Pombe humlaza haraka, kisha huuvuruga usingizi wa alfajiri. Kahawa aliyokunywa saa kumi jioni, karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa tatu usiku. Yanayosaidia si mageni: aamke saa ileile kila siku hata kama amelala vibaya, akikaa macho kitandani kama dakika 20, ainuke aende chumba kingine hadi usingizi uje, muda wa kuwa kitandani upunguzwe ukaribie ule anaolala kweli, usishuke chini ya saa tano, kisha uongezwe dakika 15 kila wiki usingizi unapotulia. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu na wengi huacha hapo. Anayeendesha lori au mitambo asijaribu kupunguza saa hizo bila daktari.

Na anayemwamsha katikati ya jinamizi asimguse. Asimame mbali kidogo upande wa miguu, awashe taa, amwite jina kwa sauti ya kawaida. Ukimtikisa bega gizani unaweza kupokea ngumi ambayo mwenyewe hataikumbuka asubuhi.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi tabia ya kumpeleka kila mstaafu wa jeshi kwenye ulinzi wa usiku eti ameshazoea. Amezoea, na hilo ndilo tatizo lenyewe: kila usiku mwili unaambiwa lindo halijaisha. Ufundi wa mitambo, usimamizi wa ghala au udereva wa mchana unatumia ujuzi uleule wa jeshini na unamwachia usiku wa kulala.

Masikio nayo huumia kimyakimya. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150. Kazini, kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda salama hupungua nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Mashine ya kukatia chuma inayofika 100 inamaliza kiwango cha siku nzima kwa dakika 15. Mtu aliyetoka jeshini na masikio yaliyojeruhiwa, akaingia karakana bila vizibo vya masikio, anamalizia uharibifu ulioanza kule. Sauti nyembamba hutangulia kupotea, hasa karibu na hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde), kwa hiyo s, f na t humponyoka pamoja na sauti za watoto. Anasikia kwamba ameongeleshwa, hasikii nini. Nyumbani hilo hutafsiriwa kuwa dharau. Zimeni redio, mwiteni jina kwanza, ongeeni mkimtazama usoni. Akipewa kifaa cha usikivu, aanze saa chache kwa siku ndani ya nyumba tulivu, maana ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Akianzia sokoni, kifaa kitaishia kwenye droo.

Mgongo na magoti sitayaongelea sana. Mizigo ya kilo 45 na zaidi hudai malipo yake baadaye, na kuyanyamazisha maumivu kila siku kwa ibuprofen huumiza tumbo na figo.

Ndani ya nyumba kosa kubwa ni kurudi kama mkaguzi. Wakati hayupo, mke aliendesha kila kitu na nyumba ikasimama. Badala ya kupanga upya, achukue jukumu moja zima, kwa mfano asubuhi za watoto kuanzia kuwaamsha hadi getini mwa shule, asisubiri kuelekezwa. Mtoto mdogo asiyemtambua asinyakuliwe. Baba akae chini sakafuni na shughuli yake, mtoto atasogea mwenyewe. Kwa vijana, sauti ya kwata huleta utii wa wiki moja na uongo wa mwaka mzima. Kuna kitu cha jeshini kinachofaa sana mezani, nacho ni tathmini ya baada ya zoezi: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, safari ijayo tufanyeje. Inafanya kazi kwa sababu vyeo huwekwa pembeni, cha baba kikiwemo.

Mwisho ni karatasi, ambazo mchapakazi daima hana muda nazo. Sheria hutofautiana kila nchi, lakini nakala ya hati ya kumaliza utumishi, jalada la matibabu na kipimo cha masikio cha kabla ya kuondoka ni vya kutafutwa mapema. Baada ya miaka ishirini ni vigumu kuthibitisha jeraha lilipatikana wapi. Akipewa hiari ya kuchukua mkupuo mkubwa badala ya sehemu ya pensheni, agawanye mkupuo huo kwa kiasi ambacho pensheni ya mwezi itapungua. Jibu likiwa 150, ni miezi 150, yaani miaka kumi na mbili na nusu, wakati mstaafu wa miaka 45 anaweza kuishi mingine thelathini. Hesabu hiyo haijagusa kushuka kwa thamani ya fedha, lakini inatosha kumzuia asisaini siku hiyohiyo. Kabla ya kusaini aulize pia mjane hubaki na kiasi gani, kisha aombe kuoneshwa fomu ya warithi wa mafao. Mara nyingi aliyeandikwa bado ni mama yake mzazi, kwa sababu fomu ilijazwa siku ya kuajiriwa, akiwa kijana asiye na mke.