Waje msimu wa korosho

Nimesoma hii habari ya chuo kikuu kushirikiana na halmashauri zetu za Mtwara kutafiti ustawi wa watoto. Sina ubaya nayo. Ila mimi ni mtu wa Newala, nimeshahojiwa mara mbili na watafiti wa namna hiyo. Dodoso refu, soda moja, wakaondoka. Majibu hatujayaona mpaka leo.

Halafu huwa wanakuja mwezi wa nne, wa tano, kila mtu yupo nyumbani. Njooni kuanzia Oktoba, korosho zinapodondoka! Mama na baba wanahamia shambani, watoto wanabaki na bibi ambaye naye macho hayaoni vizuri, na shuleni mahudhurio yanashuka. Mkubwa ana miaka kumi, ndiye anayepika na kwenda kuchota maji. Hayo hamtayakuta kwenye dodoso la Mei.

Na unyago, yale mafunzo ya jadi ya kumfunda msichana anayekua. Wageni wakisikia neno hilo wanaandika "mila potofu" kabla hawajakaa kitako. Kaeni na makungwi wanaowafunda, muwaulize nini kinafundishwa na mwali wa umri gani, maana siku hizi wanachezwa unyago wadogo mno, hilo hata wazee wetu wanalisema.

Kamati za ulinzi wa mwanamke na mtoto ngazi ya kijiji zipo tangu MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18. Matokeo yasomwe huko, kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili. Nasi tupate nafasi ya kuyabishia.