Sebule ya Kona Saba, Spika Tano

Aliyechora sebule za ploti za Nairobi ana kinyongo na masikio ya watu. Tazama mwenyewe. Mlango wa kuingilia unafungukia palepale TV ilipotaka kukaa. Kushoto ni kioo kitupu cha kuteleza, cha kwenda kwenye roshani ya kuanikia nguo. Kulia hakuna ukuta, kuna uwazi wa kuelekea jikoni ambao ajenti aliusifia kuwa ni mahali pa kulia chakula. Katikati imeota nguzo ambayo hakuna ajuaye inashikilia nini. Soketi ni mbili, zote nyuma ya mlango. Kisha mtu anashuka kwenye bodaboda kutoka Luthuli Avenue, ule mtaa wa maduka ya vyombo vya sauti, akikumbatia katoni la spika saba na kuuliza, "Sasa hizi tunaziweka wapi?" Wapi? Ile ya sita ikae juu ya friji isikilize maziwa?

Kosa limeshafanyika hapo. Watu wananunua spika kama sare ya harusi, seti nzima kwanza, halafu ndipo wanatafuta mwili wa kuivaa. Sebule ya namna hii haipimwi kwa macho. Unatafuta tepu ya fundi. Unakaa kwenye kochi unalolikalia kila siku, si lile la wageni lenye vitambaa, na unapima umbali wa sikio hadi TV, nafasi iliyo huru pande zote mbili za TV, na kimo cha sikio kutoka sakafuni. Sikio la mtu mzima aliyekaa huwa karibu sentimita 95 hadi 100. Kama kochi limeshabonyea katikati, toa tano.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Spika mbili za mbele zinatakiwa zikae digrii 22 hadi 30 kutoka mstari wa katikati, ukipimia pale ulipokaa. Digrii 30 maana yake ni pembetatu sawa: ukikaa mita 2.5 kutoka kwa spika, nazo ziachane mita 2.5. Sasa mlango umekula ukuta, umebakiwa na mita 1.8 tu. Ukibaki palepale mita 2.5 utapata kama digrii 20, na risasi ya kushoto na ya kulia zote zitatoka tumboni mwa TV. Usikimbilie kununua spika kubwa. Vuta kochi mbele hadi mita 2.2, tayari umefika digrii 22. Ni sentimita thelathini, bure.

Lakini mwambie Mnairobi avute kochi mbele uone. Makochi yetu yote yamebandikwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Ukutani ndipo besi inaporundikana, na ndipo kila sauti inapokugonga mara mbili, ikija na ikirudi. Ukipata sentimita 40 tu nyuma ya kichwa, mambo yanabadilika. "Hizo sentimita 40 tutaweka nini?" Usiweke kitu. Ile baiskeli ya mtoto nayo ibaki roshani.

Turudi Luthuli, maana huko ndiko akili inakopotelea. Muuzaji anakuonyesha wufa, ile spika ya besi: "Bosi, hii wufa inapiga mbaya, wati elfu kumi PMPO." Elfu kumi! Plagi yetu ni ya ampia 13 na stima ni volti 240. Zidisha: wati 3,120, na hapo plagi imeshakabwa koo. Hizo elfu saba zinazobaki zinatoka wapi, kwa maombi? PMPO ni namba ya kupamba katoni. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma: kama kinasema inakula wati 60 za stima, haiwezi kutoa 10,000 hata ikitishwa. Uliza RMS, yaani wati halisi inazoweza kutoa mfululizo. Na hata RMS isikupe wazimu, maana kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, kiasi ambacho jirani anaona lakini wewe unakisia. Spika ya desibeli 87 kwa wati moja, ukiwa umekaa mita mbili na kitu, wati kumi na tano safi zinatosha kukufanya uonywe na msimamizi wa ploti.

Ukiwa huko huko, kama unatazama za mtumba, weka kidole kwenye ule ukingo laini unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji na ukamomonyoka kama mkate mkavu, weka chini uondoke. Risiva, ile mashine inayogawia spika sauti, ikiwa imetoka Marekani nayo isome mgongoni. Ikiandikwa volti 120 pekee, hapa kwetu itawaka mara moja tu, na itatoa moshi.

Sasa ni spika ngapi? Hapa watu hawapendi kuambiwa ukweli. Tano na wufa, ile 5.1, ni nzuri pale spika mbili za nyuma zinapopata makao ya heshima: ubavuni mwako au nyuma kidogo, digrii 90 hadi 120 kutoka mbele, kimo cha sentimita 60 hadi 90 juu ya sikio. Upande wa kioo utatundika kwenye kipande cha ukuta juu ya fremu. Upande wa jikoni ile nguzo isiyo na kazi ndiyo inapata kazi. Hamna nguzo? Basi acha zote mbili. Moja peke yake ni mbaya kuliko hakuna: gari litapita kutoka mbele, lifike nyuma, lipotee kama matatu iliyokwepa msako. Funga tatu za mbele na wufa, yaani 3.1, na uiambie risiva kwenye menyu kwamba za nyuma hazipo. Usisahau hilo. Ukichomoa waya tu bila kuiambia, itaendelea kutuma mvua na nyayo kwa spika zisizokuwepo, nawe utalalamika kwamba filamu ina kimya cha ajabu. Ukiiambia, itazigawa sauti hizo kwa zile za mbele.

Kuna na wale wa Dolby Atmos, wanaotaka spika za kutazama juu ili sauti igonge dari ishuke kichwani. Dari hiyo inatakiwa iwe bapa, kimo cha mita 2.3 hadi 4.3. Sisi tumejaza jipsamu za ngazi tatu na taa za buluu zilizojificha kwenye mifereji. Sauti ikipanda huko hairudi, inapotelea kwenye mapambo. Na kama unakaa ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati, mwezi wa nne utasikia mvua kutoka juu bila kununua chochote.

Lakini dhambi kubwa ya sebule zetu ni spika ya kati. Hii ndiyo hubeba karibu maneno yote ya filamu, na ndiyo tunayoisukumiza ndani kabisa ya kabati la TV, chini, nyuma ya rimoti tatu na picha ya ubatizo, ikitazama magoti. Mbele yake kuna meza ya kahawa yenye kioo. Kisha watu wanalalamika kwamba wazungu wananong'ona na mabomu yanapasua madirisha. Mnong'ono umeenda kwa magoti, bwana! Ivute hadi midomo yake iwe sawa na ukingo wa kabati, au sentimita moja nje, ili rafu isiwe ukuta wa pili. Kisha iinue uso. Chukua kandambili iliyokatika, ile iliyo chini ya sinki tangu mwaka jana, kata vipande viwili vya upana wa vidole viwili, viweke chini ya ukingo wa mbele wa spika. Raba ile inashika, haitelezi, inazuia rafu isitetemeke. Kaa kwenye kochi, mwombe mtu amulike tochi ya simu akiwa ameishikilia juu ya spika, sambamba nayo. Mwanga ukikupiga machoni, umefika. Ukikupiga kifuani, ongeza kandambili. Bado maneno hayasikiki? Ingia kwenye menyu, pandisha ya kati desibeli 2 au 3, na utandike kitambaa juu ya ile meza ya kioo. Hapo ndipo vitambaa vina faida.

Wufa nayo. Kila mtu anaiweka pale kuna soketi, yaani nyuma ya mlango. Besi haijali soketi. Sebule ya urefu wa mita 4.2 ina mlio wake, karibu Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde: gawa 343, ambazo ni mita sauti inazokwenda kwa sekunde, kwa mara mbili ya urefu. Mlio huo unavimba kwenye kuta mbili za mwisho na kufifia katikati ya chumba. Ndiyo maana baba aliyeegemea ukuta anasema "punguza" na mama aliyekaa katikati anasema "hiyo kitu haifanyi kazi", na wote wawili wanasema kweli. Tena besi haijui kwamba jikoni ni jikoni. Inahesabu uwazi wote wa ile herufi L ya sebule na jikoni kuwa chumba kimoja, kwa hiyo kiwufa cha inchi sita na nusu kinahema huku kikijaza hewa mpaka kwenye jiko la gesi. Tafuta ya inchi nane au kumi, na uiweke upande wenye kona iliyofungwa.

Kona ipi? Kuna njia ya hakika, ila inataka unyenyekevu. Beba wufa, iweke juu ya kochi, pale unapokalia. Cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka noti moja moja. Kisha piga magoti, tambaa ukutani huku kichwa kikiwa chini kama unatafuta shilingi. Pale noti zote zinaposikika kwa nguvu karibu sawa, hakuna inayovuma na hakuna inayopotea, weka alama. Hapo ndipo wufa itakaa. Funga mlango kwa ufunguo kwanza, maana hiyo ndiyo dakika ambayo watu wa jumuiya hupiga hodi.

Krosova ni mstari unaosema nani abebe nini. Spika zenye koni ya inchi tano na kuendelea, weka Hz 80. Vile vispika vya kiganja vya inchi tatu, weka 120 mpaka 150, vinginevyo sauti ya mwanamume itakosa kifua. Ila ukifika 150 sikio huanza kutambua wufa iko wapi, basi isiwe mbali na TV, au msoma taarifa atakuwa anaongea kutoka nyuma ya mlango. Ukimaliza yote na besi bado ni nyembamba, angalia waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, ya kushoto inasukuma hewa na ya kulia inavuta, na besi inafia katikati. Betri ya volti 1.5 ya rimoti inamaliza ubishi: chomoa spika kwenye risiva, gusisha upande wa jumlisha kwa nyekundu na wa kutoa kwa nyeusi, kwa sekunde moja, koni itoke nje. Ikiingia ndani, mtu alikudanganya.

Waya wenyewe usinunue ule mwembamba kama uzi wa tiara. Milimita mraba 1.5 unatosha kwa mita kumi za kwenda nyuma kwa spika zenye ukinzani wa omu 8. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, basi panda hadi 2.5. Usiupitishe sakafuni kwenye uwazi wa jikoni. Mopu itaupata kabla ya Jumamosi. Pandisha juu ya fremu kwenye mfereji wa plastiki, ule mafundi wa stima huuita trankingi.

Risiva nyingi huja na maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Isimamishe kwenye kistendi kwa kimo cha sikio, usiilaze kwenye mgongo wa kochi. Inataka kimya. Kimya, Nairobi! Asubuhi ni kondakta, mchana ni yule wa vyuma kuukuu na kipaza sauti chake, jioni ni jenereta, usiku ni kesha. Jaribu saa tano asubuhi siku ya kazi, zima friji, na ukisikia "leta betri mbovu" katikati ya kipimo, anza upya, kwa sababu mashine itaamini muuza vyuma ni sehemu ya sebule yako. Ikimaliza, hakikisha haijaandika vispika vyako kuwa vikubwa, yaani vya kubeba besi vyenyewe, hupenda kujipendekeza. Ikisema wufa iko mita nne ilhali tepu yako inasema mbili, iache. Inahesabu na ucheleweshaji wa mitambo ya ndani ya wufa.

Jirani wa chini hana maikrofoni, ana ufagio. Raba chini ya wufa hupunguza mtetemo kidogo, lakini besi husafiri kwenye zege kama uvumi kwenye ploti. Usiku washa ile hali ya usiku kwenye menyu, inayobana mabomu na kuinua minong'ono.

Kisha utaamka asubuhi ukute juu ya wufa kuna kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki. Kitambaa hakina ubaya, ili mradi hakijaziba tundu la hewa. Chombo ndicho kiondoe. Kwa ile Hz 41 ya besi kitaanza safari polepole kuelekea ukingoni, na kitafika wakati umekaza macho kwenye penalti.