Korona haikutupita, ila hatukuhesabiwa

Nikirudi Tanga likizo, haipiti jioni barazani bila mtu kunitania: "Nyie wa Ulaya mlikwisha kwa korona, sisi tulipiga nyungu ikapita." Wengine wanasema kwa mzaha, wengine wanaamini kabisa. Na huku Leicester, Uingereza, ninakoishi na kufanya kazi ya kulea wazee, Watanzania wenzangu wakikutana utasikia upande wa pili: watu wa nyumbani hawaelimiki, walijifukiza mvuke wa nyungu chini ya mablanketi badala ya kwenda hospitali. Mimi pande zote mbili zimenichosha. Janga lote nililipitia huku, masikio yakiwa nyumbani, na naona wanaobishana wanaliacha jambo lenyewe.

Waingereza hawakutuzidi kwa dawa, kwa sababu mwaka 2020 dawa yenyewe hawakuwa nayo. Hawakutuzidi kwa huruma pia, nitaeleza. Walituzidi kwa kuhesabu wagonjwa na maiti zao, kisha kutangaza. Basi. Lakini hilo moja lina uzito kuliko tunavyokubali, maana mtu asiyejua ugonjwa umefika mtaa gani hawezi kujikinga hata ukimpa sabuni ya kujaza ghala.

Tarehe 23 Machi 2020 Waziri Mkuu Boris Johnson alitokea kwenye televisheni akaamuru watu wakae nyumbani. Kutoka ni kununua chakula, kutafuta matibabu, kufanya mazoezi mara moja kwa siku, na kwenda kazini kama kazi yako haifanyiki nyumbani. Waliosimamishwa kazi serikali iliwalipa asilimia 80 ya mshahara, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Kila jioni mawaziri walisimama na wataalamu wakaonyesha grafu: wangapi wameugua, wangapi wamelazwa, wangapi wamekufa. Nyumbani waliponiuliza hali ikoje, nilikuwa na jibu lenye namba.

Sisi tulioitwa wabeba maboksi, yaani wahamiaji wa kazi za mikono, hatukuwa na kukaa nyumbani. Mzee hageuzwi kitandani kwa kompyuta. Na hapa ndipo sifa za Ulaya zinapopungua. Mwenye mkataba usio na saa za uhakika akiugua, alichokuwa akikitegemea kisheria ni malipo ya ugonjwa ya pauni 95.85 kwa wiki, tena kama kipato chake kilitosha kumwingiza kwenye malipo hayo. Kodi ya chumba peke yake inaimeza. Kwa hiyo watu walikuja zamu wakiwa na homa, wamemeza parasetamo, wakasema ni mafua ya majira. Hospitali nazo, ili zipate vitanda, zilikuwa zinawarudisha wazee kwenye nyumba za kulelea bila kuwapima kwanza. Aprili 2022 Mahakama Kuu ilisema sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria. Wazee walishazikwa.

Alhamisi saa mbili usiku watu walisimama milangoni wakatupigia makofi, wengine wakagonga sufuria. Nilishukuru, sikatai. Lakini mwezi Mei, makofi yakiendelea, Johnson alisimama bungeni akatetea ada ya afya ambayo wahamiaji wanalipa, pauni 400 kwa mwaka wakati huo, hata kwa muuguzi na mlezi anayewahudumia Waingereza wenyewe. Kelele zilipozidi, kesho yake akawaondolea wafanyakazi wa afya na wa malezi. Ndiyo maana nasema huruma si hoja.

Palikuwa na bibi mmoja wa Kihindi tuliyekuwa tukimlea, mzaliwa wa Uganda, aliyefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na maelfu ya Waasia ambao wengi wao waliishia mji huu huu. Kiingereza kilishaanza kumtoka kwa uzee, Kiswahili kikabaki. Alikuwa akiniita "binti", nami namwamkia shikamoo, anafurahi siku nzima. Watoto wake walikuja kumwona kupitia dirishani, wamesimama kwenye bustani na simu sikioni, na yeye hakuelewa kwa nini hawaingii. Aliniuliza kama amewakosea nini. Alifariki bila hata mmoja wao kumshika mkono. Sijui Mtanga yeyote ambaye angekubali hilo kwa mama yake, korona au isiwe korona, na katika hilo nasimama na watu wa nyumbani.

Turudi kwenye hesabu. Mei 2020 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa taarifa kwamba England na Wales, ukilinganisha watu wa umri mmoja, weusi walikuwa wakifa kwa korona zaidi ya mara nne ya weupe. Sehemu ya pengo hilo ilitokana na aina ya kazi, msongamano wa nyumba na umaskini. Niliisoma nikiwa kwenye basi, nikashuka kituo kimoja kabla ili nitembee kidogo. Taarifa ile ilitisha, lakini ilikuwa na faida ambayo makofi hayakuwa nayo. Wiki chache baadaye kazini kwetu walipita na fomu wakimuuliza kila mfanyakazi mweusi na wa Kiasia kuhusu presha, sukari na wanaoishi naye, na mwenzetu mmoja mwenye sukari akatolewa kwenye chumba cha wagonjwa. Hakuna meneja aliyeamka asubuhi akawa mwema. Alisukumwa na namba zilizokuwa mezani.

Kujitunza kwenyewe, kusema kweli, kulikuwa kwa vitu vidogo. Kunawa mikono mara nyingi kwenye baridi kulinipasua vidole hadi damu, nikawa napaka mafuta ya mgando usiku na kulala na soksi mikononi. Huduma ya afya ya taifa ilishauri kila mtu ameze vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, majira ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi ikiwezekana mwaka mzima, kwa sababu jua la huku halitutoshi. Mtu wa pwani kununua jua kwenye kopo! Nilimeza, na bado nameza.

Halafu nywele. Saluni za England zilifunguliwa tarehe 4 Julai, lakini Leicester tukaambiwa bado. Maambukizi yalikuwa juu, tukawa mji wa kwanza Uingereza kufungiwa peke yake, na saluni zetu hazikufunguliwa hadi tarehe 3 Agosti. Rafiki anayenisuka alikaa mtaa wa pili na hakuruhusiwa kuingia kwangu. Nilijisuka mwenyewe twende kilioni mbele ya kioo, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, nikaenda nayo kazini. Wazee walisifia. Niongeze kwamba hata hizo hesabu za Waingereza zilikuwa na kasoro: halmashauri ya Leicester ililalamika kuwa majibu mengi ya vipimo vilivyofanyika nje ya hospitali yalikuwa yakiishia London kwa wiki kadhaa kabla ya mji wenyewe kupewa. Namba iliyofungiwa kabatini haimkingi mtu. Tofauti ni kwamba meya alilalamika hadharani, akasikilizwa, akabaki na kazi yake.

Watu wanasahau kuwa Tanzania tulianza vizuri. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alimtangaza mgonjwa wa kwanza, aliyekuwa ametua kutoka Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Ndoo zenye koki zikajaa kwenye milango ya maduka, daladala za Dar es Salaam zikawa level siti, yaani hakuna abiria wa kusimama, namba 199 ya kuuliza habari za ugonjwa ikawa inapokelewa. Kwetu Tanga kijana wa dukani alikuwa hakuuzii mkate hadi unawe. Nilijisifia kwa Waingereza: tazameni, sisi tunanawa, nyie mnabishana kama barakoa inasaidia.

Halafu hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mapema Mei Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimeonekana na korona, akatilia shaka maabara. Mwezi Juni tukaambiwa Mungu ameiondoa. Tangu hapo kila mtu akawa waziri wa afya wa nyumba yake. Limau zikapanda bei, tangawizi ikapanda, WhatsApp ikajaa madaktari wasio na jina.

Kuhusu nyungu nina maneno machache, maana najua ndiyo mtakayoniandama nayo. Mchaichai, majani ya mkaratusi na ya mlimao kwenye sufuria inayofuka, blanketi juu: pua inafunguka, mwili unalegea, unalala. Hilo nalikubali, nimelelewa nalo, na huku Uingereza nimejifukiza mafua yakinibana. Lakini mvuke hauui kirusi kilichoshika mapafu, na maji yanayochemka chini ya blanketi yanaunguza watu, watoto hasa. Nyungu kwa mafua sina neno nayo. Kosa lilikuwa kuiweka mahali pa kipimo, kwamba ukishajifukiza huna haja ya kujua unaumwa nini wala kumkinga uliyelala naye chumba kimoja.

Gharama yake tuliilipa mwanzoni mwa 2021. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kuwa ameambukizwa, na siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Mtaani kwetu wazee walikuwa wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na ukiuliza unaambiwa pumu, presha, changamoto ya upumuaji. Aliyethubutu kutaja hesabu alikuwa Kanisa Katoliki. Machi 2021 katibu wa Baraza la Maaskofu, Padri Charles Kitima, alisema mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki ndani ya miezi miwili. Hao ni watu wenye orodha. Mama lishe na wavuvi wa Deep Sea, pale kwetu Tanga, nani alikuwa na orodha yao?

Majira hayo nilikuwa nampigia mama kila siku kumsihi asiende misibani. Siku moja akanijibu: "Mwanangu, nisipokwenda kwa watu, mimi nitazikwa na nani?" Nilikosa la kusema. Anayedhani hilo ni jibu la mtu asiyejua hajaishi pwani. Mama alikuwa anapima hatari mbili: ya kutengwa anaijua tangu utotoni, na ya ugonjwa serikali imemwambia haipo. Kwa taarifa alizokuwa nazo, alipima sawasawa. Laiti redio ingetangaza kwamba wilayani wamelazwa watu kadhaa wiki hii, angetuma rambirambi kwa simu na kungoja, kama alivyofanya wakati wa kipindupindu, na hakuna jirani ambaye angemnunia, kwa kuwa wote wangekuwa wamesikia tangazo lilelile. Ruhusa ya kutokwenda msibani haitolewi na mtoto aliyeko Ulaya.

Rais Samia alipoingia madarakani baada ya Magufuli aliunda kamati ya wataalamu, na mwezi Mei 2021 ikashauri takwimu zitolewe na nchi ijiunge na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Julai chanjo zaidi ya milioni 1 za Johnson & Johnson zikafika, na tarehe 28 Julai rais akachanjwa mbele ya kamera. Mama alichanjwa kwa sababu moja tu: alimwona mwanamke mwenzake mwenye hijabu anachomwa sindano na kesho yake yuko kazini. Nilikuwa nimemtumia video za madaktari miezi saba, tangu yule bibi wa Coventry, Margaret Keenan, alipokuwa wa kwanza kuchanjwa huku, Desemba 2020. Hakuzitazama hata moja.

Huku sasa wana tume ya uchunguzi inayoongozwa na jaji mstaafu, Heather Hallett. Mawaziri wamehojiwa hadharani, jumbe zao za simu zimesomwa, jamaa za waliokufa wamekaa mbele wakiwatazama. Zaidi ya watu 200,000 walikufa Uingereza, na wanaruhusiwa kugombana juu yao kwa majina. Wanaotutania barazani kwamba sisi ilitupita wanatumia namba hiyo kama ushahidi. Sisi tulikuwa na 21 ya mwaka 2020, na kwa muda wa mwaka mzima haikuongezwa hata mmoja.

Kwamba tunaweza kuhesabu nimeona kwa Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola. Machi 2023 ilipozuka Bukoba, waziri alitangaza mara moja, akataja waliokufa, wauguzi wakafuatilia waliogusana nao, na tarehe 2 Juni ikatangazwa imekwisha: wagonjwa 9, vifo 6. Sijasikia mtu akisema Bukoba ilipona kwa nyungu. Lakini Januari 2025, Biharamulo, tulianza tena ule mchezo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa tarehe 14 kwamba kuna wanaoshukiwa, wizara ikasema vipimo havikuonyesha kitu, na tarehe 20 ndipo rais akathibitisha, Mkurugenzi wa Shirika hilo akiwa pembeni yake. Ugonjwa unaoambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa na hata ya maiti, na katikati ya tarehe hizo mbili kama watu wa Biharamulo waliendelea kuosha na kuzika kama kawaida, hawalaumiki, kwa kuwa wizara ilikuwa imewaambia hakuna kitu.