Mtoto Tuliyempokea Ujiji Anastahili Pia Hati ya Mahakama

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji ambaye kwa miaka mingi sasa ninaishi Leicester, Uingereza, na kila ninapolinganisha namna mtoto asiye na wazazi anavyopokelewa huku na namna anavyopokelewa kwetu Kigoma, ninabaki na hoja moja inayonisumbua. Kwetu tunampa mtoto mapokezi mema kuliko huku, lakini tunamwacha bila haki iliyoandikwa, na haki hiyo ndiyo anayoihitaji siku ambayo aliyempokea hayupo tena.

Kwa desturi yetu mtoto haombewi nafasi. Mama akifariki, kabla matanga hayajaisha wazee wamekwisha kukaa na kuamua nani atakwenda kwa shangazi na nani atabaki kwa mjomba, na jioni ile ile mtoto anakula sinia moja na wenziwe. Hata wasio damu yetu tumewapokea. Walipokuja wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1993, kisha kutoka Kongo mwaka 1996, watu wa Kigoma waliwapokea, na katika kambi ya Nyarugusu watoto waliopotezana na wazazi wao wamelelewa na familia za wakimbizi wenzao ambazo zenyewe hazikuwa na kitu. Hili ni jambo la kujivunia, na ninalitaja mbele ya wenyeji wangu huku bila kusita.

Uingereza mambo huanzia kwenye ofisi. Wanandoa ninaofanya nao kazi walipotaka kuasili mtoto, yaani kumfanya awe wao kisheria, walichunguzwa kwa hatua mbili, ya kwanza ikikadiriwa kuchukua miezi miwili na ya pili minne. Walihojiwa kuhusu afya, kipato, ndoa na hata malezi waliyopata wao wenyewe utotoni, ndipo wakafika mbele ya jopo. Mtoto alipokabidhiwa kwao, ilibidi aishi nao wiki zisizopungua 10 kabla hawajaruhusiwa kupeleka ombi mahakamani. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba babu, bibi na mashangazi waliombwa wasifike nyumbani katika majuma ya mwanzo, ili mtoto, ambaye alikuwa amepitia mikono mingi, ajue kwanza ni mikono ya nani itakayomlisha na kumbembeleza kila siku. Mtu wa Ujiji angeona huo ni ukatili, na mimi pia niliona hivyo mwanzoni. Hata hivyo, ninaamini yapo maarifa ndani yake, kwa maana mtoto aliyefiwa anayezungushwa kwa ndugu watatu katika mwaka mmoja hupata walezi wengi na asimpate mzazi hata mmoja.

Wanandoa hao walipewa pia kitabu chenye picha na habari za mtoto: alipozaliwa, mama yake ni nani, kwa nini hakuweza kumlea. Wanakisoma naye tangu akiwa mdogo, na akifikisha miaka 18 sheria ya Uingereza inampa haki ya kupata kumbukumbu za kuzaliwa kwake. Kwetu, mara nyingi mtoto huijua asili yake siku ya ugomvi, kwa maneno ya jirani au ya mke wa mjomba, na maneno hayo huwa yamekusudiwa kuumiza.

Penye uzito mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mirathi. Nimeshuhudia katika ukoo wetu msichana aliyelelewa tangu mchanga na mama aliyemwita mwanangu mbele ya watu wote, akasomeshwa, akamuuguza mama huyo hadi mwisho. Ulipoitishwa kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi, jina la msichana halikuandikwa katika muhtasari uliopelekwa mahakama ya mwanzo. Hakuna aliyesema hakupendwa. Walisema hana hati, na kweli hakuwa nayo.

Hati hiyo ingeweza kupatikana. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kuasili: ombi hupelekwa Mahakama Kuu, afisa ustawi wa jamii huchunguza familia na kuandika taarifa, ridhaa ya wazazi walio hai hutafutwa, na amri ikitolewa mtoto huhesabiwa kuwa kama aliyezaliwa na waliomwasili. Msajili Mkuu huliingiza jina lake katika rejista ya watoto walioasiliwa. Zamani mashauri yetu yalisikilizwa Tabora, na safari hiyo peke yake iliwakatisha wengi tamaa, lakini sasa Mahakama Kuu ina masjala yake Kigoma.

Najua pingamizi litakalotolewa na wazee wa Ujiji, nami kama Mwislamu ninaliheshimu. Qurani, katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, imekataza kumfanya mtoto wa kulea kuwa sawa na wa kumzaa, na imeagiza aitwe kwa jina la baba yake. Lakini dini hiyo hiyo imehimiza kumlea yatima na haikuacha mlezi bila njia ya kumtendea haki. Mlezi anaweza kumpa hiba akiwa hai, na anaweza kumwandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali. Familia isiyotaka kuasili inaweza kuiomba mahakama amri ya kumkabidhi mtoto kwa mlezi bila kumvua nasaba yake. Kinachotakiwa katika njia zote hizi ni maandishi na mashahidi, jambo ambalo dini yetu imelisisitiza hata katika mikopo.

Ninatamani hasa kusikilizwa na wenzangu tulio ughaibuni. Simu ya msiba ikija tunachangishana haraka, tunatuma fedha za arobaini, za kujengea kaburi na za sare za shule, na hayo ni mema. Katika michango hiyo tuongeze gharama ya wakili na nauli za ndugu wanaotakiwa kutoa ridhaa, kutoka Kasulu, Kibondo au popote walipo. Mdogo wangu anamlea mtoto wa marehemu dada yetu, na tumekubaliana kwamba akishamaliza kukusanya vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, ataanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, nami nitalipa gharama mpaka amri itolewe.