Uzeni msimu wa mpira wakati wa msimu wa korosho

Juzi Jumamosi, nje ya banda moja la kuonyeshea mpira kule Chikongola, Mtwara mjini, ubao ulikuwa na mechi mbili za chaki: juu mechi ya Namungo, timu ya Ligi Kuu ya Ruangwa mkoani Lindi, chini mechi ya Uingereza. Nafika saa kumi kasoro, mwenye banda kashika kitambaa kibichi anaifuta ile ya juu. Nikamuuliza kulikoni. "Mjomba, hii haileti watu. Namungo akicheza na Yanga uje mapema, utakosa hata pa kusimama." Aliniambia kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma. Hana chuki na timu. Anapiga hesabu ya umeme na malipo ya kisimbuzi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyotumalizia Ndanda, timu yetu ya Mtwara.

Tulikuwa na hao Ndanda, Wanakuchele wetu, Ligi Kuu misimu sita, tangu 2014/15 hadi 2019/20. Uwanja wao wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara, ulijaa lini? Siku ya Simba na siku ya Yanga. Hapo watu walitoka Masasi, Newala, Tandahimba, wamesimama kwenye magari tangu alfajiri. Akija Mwadui au Mbao katikati ya wiki, viti vya mzunguko vyote vitupu, unamsikia kocha akimwita beki wake kwa jina. Msimu ule wa mwisho ligi ilikuwa na timu 20, maana yake mechi 38, nyumbani 19. Toa mbili za Simba na Yanga, zinabaki 17 za kubahatisha. Na katikati ya hizo timu inapanda basi kuwafuata Kagera Sugar Bukoba, zaidi ya kilomita 1,500 kwenda tu, wachezaji wanakula, wanalala, wanasubiri mshahara. Klabu gani inaishi mwaka mzima kwa mapato ya mlangoni ya siku mbili?

Watu wanapenda kusema Ndanda iliuawa na viongozi. Viongozi walikuwa na makosa yao, sibishi. Ila hakuna kiongozi aliyetuzuia kwenda uwanjani siku ya Mwadui.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila nikilisema watu wananiambia haliwezekani. Kwa kawaida ligi inaanza Agosti, inaisha Mei au Juni. Minada ya korosho mara nyingi inaanza Oktoba. Novemba na Desemba hela ipo Kusini, tena ipo kweli: bati zinanunuliwa, pikipiki mpya zinatoka dukani na nailoni kwenye siti, watu wanaandaa harusi na unyago. Ikifika Machi mtu huyohuyo anahesabu sarafu. Na ni Machi hiyo, mzunguko wa pili umeshika kasi na timu inapigania kutoshuka, ndipo klabu inamsubiri getini imwombe kiingilio. Hana! Siyo kwamba haipendi timu. Ile hela ya tiketi siku hiyo ni unga wa nyumba nzima.

Viongozi wa Namungo, muuzieni Novemba. Muuzieni kadi ya msimu pale anapopokelea habari za malipo yake, kwenye AMCOS, chama chake cha ushirika, mezani, akiwa bado anacheka. Kadi moja imwingize mechi zote za nyumbani zilizobaki, na za Simba na Yanga zimo. Hapo ndipo penye nguvu ya jambo lenyewe. Mkulima wa Nachingwea atainunua kwa sababu ya Simba na Yanga, hilo nalijua, na sina ugomvi nalo. Lakini akishakuwa nayo mfukoni, Jumamosi ya Februari Namungo ikicheza na Coastal Union ataona hasara kubaki nyumbani. Atakuja na mtoto wake. Mtoto akishazoea kukaa kiti kilekile na kuwaita wachezaji wa hapa majina, hatakulia kwenye jezi ya timu ya Dar peke yake. Na klabu inakuwa na hela ya mafuta na hoteli kabla mzunguko wa pili haujaanza, badala ya kukopa ikisubiri Yanga aje.

Nakubali, korosho nayo haina uhakika. Ule msimu wa 2018/19, serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na watu wakakaa muda mrefu wakisubiri malipo, kadi hiyo isingenunuliwa na mtu. Miaka ya namna hiyo itakuja tena. Hela ya Azam ya kuonyesha mechi za ligi, ule mkataba wa 2021 wa miaka kumi, inasaidia timu kupumua, ila haijazi jukwaa.

Kuna wanaosema Namungo haiwezi kufa kama Ndanda. Msimu uleule wa 2019/20 Ndanda inashuka, Namungo imepanda juzi tu na inamaliza ya nne, inafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini na kufungwa na Simba 2-1 Sumbawanga, kisha inakwenda Kombe la Shirikisho Afrika kumpiga Primeiro de Agosto ya Angola 6-2 na kuingia makundi. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Lakini yote yale yalitokea mbunge wa Ruangwa wakati huo, Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, na uwanja una jina lake. Namshukuru kwa moyo wote. Ila cheo kina mwisho, na timu inatakiwa iwe na watu elfu kadhaa waliolipa.

Na ninyi wa Mtwara mnaoniambia Namungo ni ya Lindi, mtu wa Masasi yuko karibu na Ruangwa kuliko na Nangwanda. Timu ya Ligi Kuu iliyopo Kusini ni hiyo.

Viongozi wa Namungo, msisubiri Novemba ndiyo mkae kikao. Ongeeni na vyama vya ushirika sasa, kabla ya mnada wa kwanza. Mkulima akitaka akatwe kwenye malipo yake, akatwe kwa hiari yake na kwa maandishi. Kadi iwe na jina lake na namba ya kiti, na siku ya Yanga kiti hicho asikalie mtu mwingine.