Miguu kama yangu, mshahara tofauti

Jamani mi naishi hapa Munich na kuna kitu kinanikera, leo nakitoa. Watu wa huku ukiwaambia baridi imezidi wanakuangalia tu, ukilalamika kodi ya nyumba imepanda wanaguna, ila wewe taja Thomas Müller, yule mchezaji mpira aliyekuwa Bayern, klabu ya hapa Munich, taja tu, mtu kanuna tangu Novemba anacheka mpaka jino la mwisho.

Sasa nielewesheni. Yule jamaa miguu njiti, soksi ziko chini, chenga hana, mbio za kutisha hana, mpira anapiga na ugoko, goti, chochote kilichokuwa karibu, na unaingia! Kazi yake kubwa ni kusimama pale ambapo hakuna mtu. Kusimama! Mimi kazini (sitaji wapi, mshahara bado haujaingia) nikisimama pasipo na mtu msimamizi anakuja mbio kuuliza nafanya nini pale. Nikamwambia bosi natafuta nafasi, kama Müller. Ndo mara pekee nimeona mtu wa huku kasikia jina hilo na hajacheka.

Na magoli anayo, siwezi kubisha. Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini ana miaka 20 tu akafunga 5 akabeba kiatu cha dhahabu, 2014 kule Brazil akafunga 5 tena, tatu kawatia Ureno mechi moja, na zile 7 walizopigwa wenyeji ya kwanza ni yake, kona inapigwa yeye yuko peke yake, Wabrazil wote wanaangalia kwingine. Hivi nani humwacha huyu mtu bila kumkaba? Mimi nikiingia dukani mlinzi ananikaba kuanzia mlangoni mpaka kwenye mchele.

Halafu ile ya Maradona, kocha wa Argentina kipindi hicho. Machi 2010, hapahapa Munich, Argentina kawashinda Wajerumani 1-0 mechi ya kirafiki, Müller ndo kwanza kachezea timu ya taifa, wakamkalisha meza moja na Maradona mbele ya waandishi. Maradona akagoma, akainuka, kumbe anadhani ni katoto ka kuokota mipira! Dogo akaondoka zake. Julai wakakutana robo fainali Cape Town, dakika ya 3 katoto kakatia kichwa, mechi ikaisha 4-0. Mimi juzi nimesimama mlangoni kwa rafiki yangu, nimependeza kabisa, jirani yake kanifokea pizza yake imechelewa. Sasa mimi robo fainali yangu naipata wapi?

Mwaka 2025 nikadhani tumelingana. Mtu kaingia Bayern mwaka 2000 ana miaka 10, mechi zaidi ya 750 na hakuna aliyeichezea klabu hiyo mechi nyingi kama yeye, ubingwa wa ligi 13, klabu bingwa Ulaya mara 2, na bado wakamwambia mkataba mpya hakuna. Nikasema haa, kumbe na wakubwa wanaambiwaga hivi! Nikafurahi kidogo, msininunie, nikajua tutakutana foleni ya kutafuta kazi. Wapi bwana, uwanja mzima umesimama unamuaga kwa machozi, miezi michache tu mbele yuko zake Vancouver huko Kanada, kazi mpya, jezi mpya, soksi zilezile chini.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Msimamizi ameshaniuliza zile glavu nitarudisha lini.